Nusu Mzunguko wa Skrubu

Dunia ilipoamua kwamba kila mtu atatazama saa kwenye simu, haikumtumia Fundi Saa barua ya kumtaarifu. Alijijulia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kukaa kibandani siku tatu bila mteja, na siku ya nne akija mtu anauliza kama anauza chaja. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefungua na kufunga mashine zenye skrubu ndogo kuliko chawa. Sasa walimletea saa za plastiki za ukutani wakitaka awabadilishie betri, kisha wanamsimamia kichwani kana kwamba atakimbia nayo.

Mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, ndiye aliyeona tangazo la chuo kikuu: wanatafuta mtu wa maabara, mkono usitetemeke, shahada au uzoefu unaolingana.

"Mimi sina shahada," Fundi akasema.

"Uzoefu unao. Kulingana watajua wao."

Aliyemhoji alikuwa profesa wa fizikia, bwana mrefu mwenye tai iliyofungwa kwa ustadi na kamba za viatu zisizofungwa kabisa. Hakumuuliza maswali. Alimwekea mezani kipande cha kitu cheusi chenye kung'aa, chembamba, kisichozidi gamba la dagaa, akamwambia akibandike nyaya nne za dhahabu kwa gundi ya fedha. Kabla yake walikuwa wamejaribu wasomi watatu. Wa kwanza alikivunja, wa pili alibandika kidole chake, wa tatu aliomba ruhusa ya kwenda msalani na hakuonekana tena.

Fundi alichomeka lenzi yake jichoni, akaomba taa isogezwe kushoto, akazuia pumzi. Baada ya dakika ishirini nyaya nne zilikuwa zimesimama kama miguu ya meza.

"Hizi nyaya zimekatwa vibaya," akasema. "Nani anakata?"

Profesa, ambaye ndiye aliyezikata, alimwajiri hapohapo.

Siku ya kwanza kazini Profesa alimfafanulia kinachotafutwa pale, kwa saa mbili, bila kunywa maji. Fundi hakuyashika yote, lakini alishika ya kutosha, kwa sababu fundi wa kweli hata akizungumziwa kwa lugha ya wasomi husikiliza tu ni nini kinasukuma nini. Zipo metali ambazo zikipozwa sana hupitisha umeme bila kupoteza hata tone. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba kitu chenye sumaku hakiwezi kabisa kufanya hivyo, na chuma, baba wa sumaku, kikaandikwa wa kwanza kwenye orodha ya wasioalikwa. Kisha wakagundua kwamba chuma kikichanganywa na aseniki, ndiyo, ileile sumu, kinaweza. Wataalamu wakakaa chini, wakafuta orodha, wakasema walikuwa wakishuku hivyo tangu zamani.

Ndani ya fuwele, kile kipande cheusi kinachong'aa alichobandikia nyaya, chembe za chuma zimelala tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limepangwa kwa miraba kama daftari la hesabu. Ukiipoza hadi karibu na digrii mia na hamsini chini ya sifuri, mambo mawili hutokea kwa kufuatana mno. Miraba inavutika kidogo kuwa mistatili, kiasi kisichofika hata sehemu moja ya mia. Na zile chembe, ambazo kila moja ni kisumaku, zinajipanga: upande mmoja jirani na jirani wanapeana visogo, huyu akiangalia huku yule anaangalia kule, upande mwingine wote wanatazama mwelekeo mmoja kama watu waliopanga foleni. Ukichanganya humo madini mengine kidogo kidogo, mambo hayo mawili hudhoofika, na yakidhoofika ndipo ule upitishaji wa ajabu unapoibuka. Kwa hiyo anayetaka kuujua muujiza lazima kwanza ajue haya mawili yanahusianaje. Umbo ndilo linaloivuta sumaku, au sumaku ndiyo inayolivuta umbo?

Watu wa kawaida wangelipima swali hilo kwanza, wakagombana baadaye. Wasomi walianza na ugomvi, kwa kuwa ugomvi hauhitaji vifaa.

Profesa alishikilia kwamba umbo ndilo bwana. Aliyeshikilia kwamba sumaku ndiyo bwana alikuwa profesa wa chuo cha jirani, ambaye, kwa bahati ambayo ukoo mzima uliilaani, alikuwa amemwoa dada yake Profesa. Maabara nzima ilimwita Shemeji, hata waliokuwa hawajawahi kumwona. Harusi tatu na msiba mmoja vilikuwa vimeharibika kwa sababu ya mpangilio wa chembe za chuma. Ilifika mahali dada mtu akitoa mwaliko anaongeza mwishoni: "Na chuma kisitajwe."

Kulikuwa na tatizo moja la kiufundi, na hilo ndilo lililompa Fundi kazi. Fuwele ikipoa, sehemu moja huvutika kwa urefu na sehemu ya pili kwa upana, hivyo ukipima kipande kizima unapata wastani wa vurugu. Dawa yake ni kuibana ubavu mmoja, ili yote ikubali kuelekea upande mmoja. Profesa alichora jiliwa, yaani kibanio, dogo la alumini lenye skrubu moja, jumla yake likienea juu ya ukucha. Fundi alilichonga, akalipiga msasa, akalipenda.

Wakapima. Umeme ulianza kupita tofauti upande huu na upande ule digrii thelathini na nane kabla ya sumaku kujipanga. Thelathini na nane! Profesa hakutembea siku hiyo, alielea. Ikiwa umbo linaanza kubadilika mapema kiasi hicho, huku sumaku bado imelala usingizi, basi bwana kajulikana na mtumwa kajulikana. Makala ikaandikwa, ikatumwa, ikakubaliwa. Shemeji akaalikwa kuja kusikiliza mhadhara Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kwa barua ya adabu sana iliyokuwa na sumu kuliko aseniki.

Ila fuwele zilikuwa zinapasuka.

Kila zilipotoka kwenye mashine ya baridi, moja kati ya tatu ilikuwa na ufa kandokando. Profesa alivumilia ya kwanza hadi ya sita. Ya saba alikuja nayo mkononi hadi kwenye meza ya Fundi, mbele ya wanafunzi wote.

"Fundi, hizi si nati za baiskeli. Unakaza mno."

Kuna matusi mtu anayasamehe, lakini kumwambia fundi wa saa kwamba mkono wake mzito ni sawa na kumwambia mpishi kwamba hata maji anayachemsha vibaya.

"Mimi nakaza nusu mzunguko, Profesa. Tangu siku ya kwanza, nusu mzunguko."

"Basi nusu yako imenenepa." Akaondoka, kamba za viatu zikimfuata.

Nyumbani Fundi hakula vizuri. Mkewe alikuwa akisahihisha madaftari, akamtazama juu ya miwani.

"Umefukuzwa?"

"Nimeambiwa mkono mzito."

Mwalimu akaweka kalamu chini, maana aliujua uzito wa neno lile. "Na ni mzito?"

"Mwalimu!"

"Nauliza tu. Kama si mkono, ni kitu kingine. Toa visivyohusika, kinachobaki ndicho jibu. Watoto wa darasa la tatu wanajua."

Fundi akakaa na hilo. Si mkono. Si fuwele, maana zilizopozwa bila jiliwa zilitoka salama. Lililobaki ni jiliwa lenyewe. Na hapo akakumbuka jambo ambalo fundi wa saa hujifunza kabla hajaruhusiwa kugusa saa ya mtu: metali ikipata joto inatanuka, ikipata baridi inanywea, na kila metali ina kiwango chake. Saa kubwa ya mbao yenye pendulo ya kubembea huchelewa wakati wa joto kwa sababu fimbo ya pendulo imerefuka. Alumini inanywea kuliko nyingi. Na wao walikuwa wakiishusha kutoka joto la chumba hadi baridi ambayo ingegandisha hata aibu.

Asubuhi alimwendea mwanafunzi wa uzamivu, dada mmoja mkimya ambaye vipimo vyote vilikuwa mikononi mwake na ambaye tasnifu yake nzima ilisimama juu ya zile digrii thelathini na nane.

"Mwanangu, nikuulize kitu cha kijinga."

"Uliza, Mzee. Cha kijinga kitakuwa cha kwanza leo. Vya kisomi nimeshachoka navyo."

"Mimi nakaza nusu mzunguko hapa mezani. Huko ndani, alumini ikinywea, nani anakaza?"

Yule dada alibaki na kikombe hewani. Akakiweka chini. Akachukua karatasi, akaandika namba mbili, akapiga hesabu, akairudia.

"Baridi," akasema. "Baridi inamalizia kukaza. Mara tano zaidi, labda sita." Akakaa. "Mzee, ukiibana fuwele hii sana, inavutika hata kabla ya wakati wake. Hatukupima inachofanya yenyewe. Tumepima tulichoilazimisha kufanya."

"Na makala?"

"Makala imekubaliwa," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli.

Angeweza kunyamaza, na Fundi angemwelewa. Badala yake aliuliza: "Unaweza kutengeneza jiliwa ambalo halikazwi na baridi?"

Fundi alifikiria utepe mwembamba wa springi, kama ule unaozungusha saa, unaosukuma kwa nguvu ileile hata vitu vikisogea kidogo. Akautoa kwenye kopo lake la vipuri, na mwanafunzi akamzuia: springi ya saa ni ya chuma, chuma kina sumaku, na humo ndani wanapima sumaku. Fundi akacheka mwenyewe, akafungua swichi mbovu ya umeme iliyokuwa imetupwa, akachomoa vile vibati vya shaba ngumu vinavyorukaruka kila unapowasha taa. Akavikata, akavikunja, akavipima kwa kuning'iniza uzito mdogo mmoja mmoja, mpaka akajua kila kibati kinasukuma kiasi gani. Kazi ilimchukua siku nne. Jiliwa jipya lilikuwa baya kama panzi aliyekanyagwa, lakini halikupasua fuwele hata moja.

Wakapima kwa kibati kigumu: tofauti ikaanza digrii ishirini kabla ya sumaku. Kibati cha wastani: kumi na moja. Kibati laini kuliko vyote: sita. Kadiri walivyolegeza ndivyo ushindi wa Profesa ulivyonywea, kama alumini yake.

Walimpelekea pamoja. Profesa aliangalia grafu kwa muda mrefu, akaigeuza, kana kwamba kichwa chini ingekuwa na habari njema zaidi.

"Nani aliwaruhusu?"

"Fuwele zilikuwa zinapasuka," Fundi akasema.

"Nimeuliza nani aliwaruhusu." Kisha kwa upole uliotisha zaidi: "Hicho kidude kiwekeni kwenye droo. Kimetengenezwa kwa swichi. Sayansi haitengenezwi kwa swichi."

Kikawekwa kwenye droo. Mwanafunzi alikaa siku mbili bila kuandika neno. Fundi aliendelea kubandika nyaya zake, moyoni akijiuliza kama kibanda chake cha zamani bado kinapangishwa. Si kwamba aliogopa kufukuzwa. Aliogopa kufukuzwa na mtu mwenye kosa, jambo ambalo humfanya mtu alieleze maisha yake yote yaliyobaki, hata kwa wasiouliza.

Jumatatu ya wiki ya mhadhara alifika mapema, kama kawaida yake, akakuta taa ya maabara inawaka. Profesa alikuwa ameinama mezani, lenzi ya akiba jichoni, jiliwa la swichi mbele yake. Kando yake kulikuwa na fuwele mbili zilizovunjika, na ya tatu ilikuwa imemganda kwenye kidole gumba.

Hakuinua kichwa. "Nilitaka kuhakikisha mwenyewe," akasema. "Kabla ya kuaibika, mtu ana haki ya kuhakikisha."

Fundi angeweza kusema kuhusu nati za baiskeli. Sentensi ilikuwa imekaa tayari kwenye ulimi, imepigwa pasi. Akaimeza. Akachukua pamba na spiriti, akambandua ile fuwele kidoleni taratibu.

"Sogea kidogo, Profesa. Unajikingia mwanga."

"Niwekee kibati laini kuliko vyote," Profesa akasema. "Tafadhali."

Neno hilo la mwisho lilikuwa halijawahi kusikika humo ndani. Fundi aliweka. Wakasubiri pamoja mashine ipoe, saa nyingi, wakinywa chai, mpaka mstari wa grafu ukajikunja palepale. Sita.

Profesa akavua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kisha akaketi kuwaandikia wahariri kwamba makala yake ina kosa na anaiondoa. Barua hiyo fupi aliifuta na kuiandika upya mara tisa. Tumpe haki yake: wapo waliokufa wakiwa bado kwenye mara ya nane.

Alhamisi Shemeji aliwasili amevaa suti ya mtu anayekwenda kupokea tuzo. Kwa kuwa dada mtu aliona hapa chuma hakikwepeki, alikuja pia, akakaa safu ya nyuma kama mwamuzi. Profesa alisimama akasema wazi kwamba alikosea, kwamba jiliwa lake lilikuwa linaibana fuwele kupita kiasi, na kwamba aliyegundua ni Fundi yule pale karibu na dirisha. Vichwa vikageuka. Fundi akatamani kuwa skrubu.

Shemeji alipiga makofi peke yake, kwa muda mrefu kuliko adabu.

"Kwa hiyo umbo halitangulii," akasema. "Thelathini na nane imekuwa sita. Legezeni zaidi itakuwa sifuri. Sumaku ndiyo bwana. Nilisema hivi kwenye harusi ya binti yenu."

"Ulisema wakati wa kukata keki," mkewe akakumbusha kutoka nyuma.

"Tumelegeza zaidi," akasema mwanafunzi, na ilikuwa mara ya kwanza wengi wao kusikia sauti yake. Juzi, alieleza, Fundi aliweka fuwele bila jiliwa lolote, imeegeshwa tu juu ya tone la grisi, nao wakaitazama kwa darubini. Umbo likibadilika, uso wa fuwele huonyesha michirizi. Michirizi ilitokea digrii nne kabla ya sumaku. Walirudia mara kumi na moja, na kila mara jibu lilikuwa nne.

Tabasamu la Shemeji lilikaa pale usoni kwa sekunde kadhaa likiwa halina mwenyewe.

"Basi umbo linatangulia!" Profesa akaruka. Ukweli haukuwa umemponya kabisa.

"Linatangulia kufika," mwanafunzi akasema. "Kufika mwanzo si kuamua. Inawezekana visumaku vinaanza kuvutana kabla havijatulia kwenye foleni, na kule kuvutana ndiko kunakoisukuma miraba. Umbo likaonekana kwanza, lakini aliyesukuma ni mwingine. Na inawezekana siyo hivyo. Kwa kipimo hiki peke yake hatuwezi kusema. Ila sasa angalau kinachopimwa ni fuwele, si jiliwa."

Mashemeji wawili walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile iwafanye ndugu, walikubaliana juu ya jambo moja: kwamba binti huyu anaudhi. Dada mtu akacheka hadi akatoa leso.

Mwanafunzi aliandika tasnifu yake upya, ikamgharimu mwaka mzima, akaitetea mbele ya wote wawili, akapita. Makala mpya ilitoka bila neno "bwana" wala "mtumwa", kwa hiyo magazeti hayakuitaja. Jina la Fundi liliwekwa miongoni mwa waandishi, la tatu, kwa amri ya Profesa, na ofisi ya utumishi ikamwandikia kuuliza ni kwa idhini gani fundi daraja la pili ameandika fizikia. Fundi aliijibu barua hiyo kwa heshima zote, akasema hakuandika, alilegeza. Maabara nne zikaomba majiliwa kama lile, pamoja na ya Shemeji, ambayo ombi lake lilipitia kwa dada mtu ili lisionekane ni ombi.

Sikukuu moja ya wafanyakazi waliruhusiwa kuleta familia. Mwalimu alikuja amebeba mkoba wake wa shule, akaonyeshwa mabomba, mitungi ya naitrojeni yenye kufuka moshi wa baridi, na meza ya mumewe iliyokuwa safi kuliko jiko lao. Kisha Fundi akamketisha kwenye darubini.

"Tazama hapo, usipepese."

Akatazama. Ulikuwa uso mweusi, laini, usio na kitu. Kipimajoto kikashuka digrii moja, kisha nyingine. Ghafla michirizi ikajitandaza kutoka kona hadi kona, iliyonyooka, sambamba, kama vile mtu ameweka rula na kupiga mistari yote kwa mara moja.

Mwalimu alisukuma miwani yake juu ya paji la uso, akasogea karibu zaidi.

"Nani ameipanga hivyo?"

"Ndilo wanalogombania."

Hakuondoa jicho kwenye lenzi. Mkono wake mmoja ulipapasa hewani mpaka ukaukuta mkono wa mumewe, ukaushika.

"Pasheni joto ifutike," akasema. "Halafu mrudishe baridi tena, polepole. Nataka nione inaanzia kona gani."